Zamu ya Kumbeba Jesca

Nilitozwa faini ya beberu kwa kosa la kumwacha mjukuu wangu atembee. Nalisema lilivyo, bila kuongeza neno, kwa sababu nimechoka na watu wanaonisimulia habari yangu mwenyewe kana kwamba mimi ndiye niliyewakosea. Wanasema Bibi Eliwaza ana hasira. Ninazo. Nilizaliwa nazo, nikaolewa nazo, na marehemu mume wangu alizizoea kama alivyozoea chumvi yangu kwenye makande. Lakini safari hii sikuzitoa hewani. Nilitiwa hasira na majirani wema, watu wa kanisani, watu ambao ukifiwa wanafika kwako kabla hujamaliza kulia.

Jesca ni binti wa mwanangu Godwin. Alizaliwa na paja fupi. Mfupa wa paja la kushoto haukukua tumboni kama mwenzake, basi unyayo wake wa kushoto unaishia katikati ya muundi wa mguu wa kulia. Goti lipo, vidole vyote vipo, na ukivitekenya anacheka kama mtoto yeyote. Kilichopungua ni paja tu. Godwin alipomwona siku ya kwanza alimgeukia mkewe na kumuuliza kama kwao kuna watu wa namna hiyo. Mwanamke yuko kitandani, hata hajapoa jasho la uzazi, na huyo ndiye aliyeulizwa. Nilimwambia mwanangu maneno ambayo mchungaji asingependa kuyasikia. Baadaye akahamia Kwakoa kwenye biashara ya ng'ombe, na sasa huja Krismasi na kilo za sukari kama mgeni. Mkewe Devotha hana ugomvi na mtu. Analima mpunga Maore, bondeni huko, na msimu ukianza hushuka akakaa. Huku juu tumebaki mimi na Jesca.

Huku kwetu milimani kuna jiwe moja. Kila Mpare amesimuliwa habari zake: zamani mtoto aliyezaliwa na kasoro alipelekwa pale, na hakurudi. Siku hizi watalii hupandishwa kulipiga picha, na kijana anayewaongoza akimaliza kusimulia wote hutikisa vichwa na kusema watu wa zamani walikuwa wakatili. Nikisikia hivyo nachemka. Sisi wa sasa tumekuwa malaika? Hatumtupi mtoto, ni kweli. Tunamkalisha. Tunamtafutia mkeka, kikombe cha uji na kona yenye jua, tunamwambia kaa hapo mama usijichoshe, naye anakaa, anakaa, mpaka anakuwa mtu mzima aliyekaa.

Mimi nilikataa hilo mapema. Jesca alipofika umri wa kusimama nilimfunga mgongoni, nikashuka naye hadi hospitali ya Same. Nilizungushwa kwanza, mwaka baada ya mwaka. Mmoja aliniambia ni mapenzi ya Mungu, mwingine akaniambia nisubiri akue, na mwingine akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akaita mgonjwa anayefuata. Mwishowe mama mmoja wa usafi alininong'oneza niingie chumba cha mazoezi ya viungo, nikamkuta Asteria.

Asteria ni binti mwembamba, lakini ana mikono ya mtu aliyekanda unga tangu utoto. Alimlaza Jesca, akamkunja, akamnyoosha, akamgeuza huku na huku akimsimulia habari za paka wake. Kisha akanikalisha na kunieleza kama mtu mzima anavyoelezwa. Alisema mazoezi hayarefushi mfupa, na yeyote atakayeniambia yanarefusha ni mwongo. Lakini nyonga ya mtoto wa namna hii hupenda kujikunja kuelekea mbele na kukakamaa hapo. Ikikakamaa, basi. Wapo mafundi wanaotoka Moshi kuja Same mara chache kwa mwaka, wanatengeneza mguu maalumu ambao mtoto anatumbukiza unyayo wake ndani, na chini yake kuna mguu wa bandia unaofika ardhini sawa na mwenzake. Ila hawawezi kumvalisha mtoto ambaye nyonga yake haifunguki.

"Bibi, mguu wake utatengenezwa Moshi," aliniambia, "lakini nyonga yake itatengenezwa nyumbani kwako."

Basi nikafundishwa. Asubuhi na jioni Jesca alale kifudifudi juu ya kitu kigumu, si kitandani kwenye godoro linalobonyea. Mkono wangu mmoja unakandamiza nyonga isiinuke, mwingine unainua paja kwenda nyuma, polepole, na kulishikilia hapo. Nilimuuliza nishikilie kwa muda gani, kwa maana saa sina. Akaniuliza kama naimba. Mwimbaji wa sauti ya pili tangu usichana wangu, naulizwa kama naimba. Tukakubaliana ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, wa mwendo wa taratibu, kisha kupumzika, kisha ubeti mwingine. Na akaniusia mambo mawili: asikae kutwa, na asibebwe mgongoni, kwa sababu mgongoni nyonga inakaa imekunjwa vilevile inavyotaka. Fundi viatu wa karibu na stendi akamtengenezea kiatu chenye soli nene ya mbao iliyopigiliwa mpira wa tairi, tukapata na gongo la kwapani.

Nisiseme ilikuwa rahisi. Wakati mwingine Jesca alilia, nami nikaimba kwa sauti zaidi. Majirani walipita nje wakidhani tuna ibada. Agatha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliniambia usoni kwamba namtesa mtoto wa watu, na nilimjibu kwamba mtoto huyu hana watu wengine. Lakini mwaka ulipokwisha paja lile lilikuwa linalala chini lenyewe, bapa, bila kukandamizwa. Asteria alipoliona alipiga makofi. Akasema mafundi wakija tena baada ya mavuno, Jesca atapimwa.

Na mwaka huohuo akaanza shule.

Shule iko ng'ambo ya bonde. Bodaboda haifiki, njia ni ile inayofuata mfereji wa maji, nyembamba, upande mmoja maji na upande mwingine poromoko. Watoto wengine huikimbia wakiwa na viazi mdomoni. Jesca huiendea taratibu, gongo, kiatu, gongo, kiatu, na akifika mwinuko husimama kupumua. Wiki za kwanza nilikuwa namsindikiza mpaka kwenye daraja la magogo, naye ananiambia rudi Bibi, nitafika. Alikuwa anafika.

Kisha mvua zikakatika, mpunga ukaiva, na Devotha akashikwa na homa huko Maore. Nani angevuna? Nikashuka. Nilimwachia Agatha mtoto, nikamwonyesha mazoezi mara nyingi mpaka akanifukuza, akisema si kuendesha ndege. Nikakaa bondeni msimu mzima nikigombana na ndege wa mpunga na mbu.

Sasa ili mnielewe ni lazima niseme neno kuhusu ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kukusanyia maji ya mlimani. Jioni linafungwa, asubuhi linafunguliwa, na kila kaya ina zamu yake ya kumwagilia. Mababu walipanga hivyo na sisi tumeendelea. Mpare anaweza kusahau siku yake ya kuzaliwa lakini hasahau zamu yake ya maji. Ukiikosa siku ya kuzibua tope, unatozwa. Ukiiba zamu ya mwenzako, unatozwa zaidi. Mwenyekiti wa ndiva ni Mzee Melkizedeki, binamu wa marehemu mume wangu, mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote, hata kwenye harusi yake mwenyewe alimtangulia mchungaji. Na watu wetu wanajivunia zamu kuliko wanavyojivunia maji yenyewe. Tatizo lolote ukiwapelekea, la mgonjwa, la daraja, la ng'ombe aliyetumbukia shimoni, watalipangia zamu.

Wakampangia Jesca.

Nilirudi kutoka Maore jioni, nimebeba mchele mpya kichwani, nikakutana na kijana wa jirani yetu Sifael njiani, na mgongoni mwake kuna mjukuu wangu. Ameshika shingo, magoti yamebana kiuno, na lile paja fupi limekunjwa juu kabisa hadi karibu ya tumbo. Kile kiatu chake kilikuwa kimefungwa kwenye begi la shule. Kikiwa safi. Agatha alinipokea kwa furaha na kunieleza: wanakijiji wamekaa, wakaona mtoto anateseka, kila kaya sasa ina siku yake ya kutoa kijana wa kumbeba Jesca kwenda na kurudi. Zamu zimetangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Anayekosa anatozwa beberu, sawasawa na anayekosa kuzibua ndiva. Hakuna aliyekosa hata siku moja. Agatha machozi yalimlengalenga akinisimulia jinsi watu walivyojitoa.

Nilimuuliza kuhusu mazoezi. Akatazama pembeni. Alisema mtoto alikuwa akilia, akamwonea huruma.

Nilimlaza Jesca kwenye sakafu. Nikakandamiza nyonga, paja likainuka hewani. Nikashusha paja, nyonga ikainuka. Nikakandamiza tena, kwa nguvu, mpaka mtoto akasema Bibi unaniumiza. Ngumi yangu ilipita chini ya lile paja bila kugusa popote. Kazi ya mwaka mzima, beti zote zile, ilikuwa imekwenda na migongo ya watu wema.

Mafundi wa Moshi walikuja wiki hiyohiyo. Tulishuka Same kwa sababu siku ilikuwa imepangwa, na kwa sababu moyo wa mtu hautaki kuamini mkono wake. Fundi alimpima, akampima tena, akamwita Asteria wakasemezana. Akaniambia kwa upole kwamba kwa nyonga hii hawezi kumvalisha, na kwamba watarudi baada ya masika. Kama itakuwa imefunguka, atapimwa. Kama itazidi kukaza, itabidi afikiriwe kupelekwa mbali kwa upasuaji, na hapo yeye hawezi kuniahidi kitu. Asteria hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Kulikuwa na mtoto mwingine pale kutoka Kisiwani, mdogo kuliko Jesca, anajaribishwa mguu wake, anatembea kati ya vyuma viwili akimkemea baba yake asimshike. Jesca alimtazama yule mtoto mpaka basi letu lilipoitwa.

Kesho yake asubuhi nilimvisha kiatu, nikampa gongo, nikamwambia twende. Kijana wa zamu alipofika alikuta nyumba imefungwa. Ndiyo, nilimwacha mtoto atembee, na nilifanya hivyo kesho yake pia, na keshokutwa. Vijana wakaanza kumvizia mbele ya daraja, wanamnyakua juu juu mimi nikishageuka, kwa sababu kila kaya iliogopa kutozwa. Nikaanza kumfikisha hadi mwisho wa mfereji huku nimeshika fimbo. Jioni moja nikapelekewa habari kwamba nimezinyima kaya zamu zao, kwa hiyo nitoe beberu, na nifike siku ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuzibua tope la ndiva, nijieleze.

Siku ya msaragambo baragumu hupulizwa na kila nyumba hutoa mtu mwenye jembe. Walikuwa wameingia ndani ya ndiva, tope hadi magotini, nilipofika na Jesca. Wakatoka, wakakaa kwenye ukingo kwa miguu yao myeusi, Mzee Melkizedeki akasimama. Alizungumza kwa heshima, nitampa haki yake. Alisema kijiji kimeonyesha upendo na mimi nimeukataa mbele ya watoto, na watoto wakiona mtu mzima anavunja zamu watavunja zamu ya maji kesho. Sifael akaongeza kwamba kijana wake amembeba Jesca hata siku ya ukungu na manyunyu, akateleza, akaumia yeye kuliko kumwangusha mtoto. Wakaguna wote. Ilikuwa kweli, na ukweli wao ndio ulionikera, maana mtu mbaya ni rahisi kumjibu.

Sikuhutubia. Nilimuuliza Jesca kwa sauti ya chini kama naweza kuwaonyesha. Akafikiri, akasema sawa, lakini nisimuumize. Alikuwa amevaa suruali ya michezo. Nikatandika khanga kwenye ukingo pale palipopigwa udongo ukawa mgumu, akalala kifudifudi mwenyewe kama alivyozoea, kidevu juu ya mikono. Nikamwita Mzee Melkizedeki.

"Shemeji, njoo uweke mkono wako hapa. Bonyeza polepole."

Alinawa kwanza kwenye mfereji. Akabonyeza nyonga, akaona paja linavyoinuka. Akaacha, akabonyeza tena, kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango. Nikamwambia kabla sijashuka Maore paja hili lilikuwa linalala chini. Nikamwambia mguu wake uliletwa karibu kabisa na ukarudi Moshi bila yeye, na kwamba masika yakipita na hali ikawa hivi, hautakuja tena. Nikamwambia hii ndiyo kazi ya migongo yenu. Watu walisogea wakatazama. Agatha aliweka jembe chini na kujifunika uso kwa upande wa kitenge.

Mzee Melkizedeki alichuchumaa mbele ya Jesca, akamuuliza kama kubebwa kunampendeza.

"Wakinibeba sichelewi," Jesca alisema. "Nikichelewa Mwalimu ananisimamisha kwenye bendera."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Tukamuuliza polepole na likatoka lote. Zile wiki za kwanza, alipokuwa anatembea mwenyewe, alikuwa akifika paredi imekwisha. Mwalimu mkuu, Mwalimu Nathanaeli, ana sheria yake: aliyechelewa anasimama kwenye mlingoti wa bendera mpaka kipindi cha kwanza kiishe, na haruhusiwi kuegemea wala kukaa. Jesca alisimamishwa pale karibu kila siku. Alisema mguu ukichoka alikuwa anashika mlingoti kidogo, Mwalimu akigeuka. Hakuniambia kwa sababu alijua nitakwenda kupigana.

Niliwageukia wale watu. Nikauliza nani alikuwa anajua. Wakaanza kukwangua tope miguuni mwao. Watoto wao wote wanasoma pale. Wote walikuwa wanamwona, na jioni wanasimulia nyumbani wakila.

"Ndiyo sababu tukaona tumbebe, mama," Agatha alisema. "Asiwe anasimamishwa."

Basi nikaelewa jambo lote, na nawaambia sijawahi kuchukia hivyo tangu nizaliwe. Kijiji kizima cha watu wazima wenye ndevu na vitukuu kiliona ni nafuu kumbeba mtoto mgongoni msimu mzima, ukungu na jua, kwa zamu na kwa faini, kuliko mtu mmoja kuvuka bonde akamwambia mwalimu hapana. Na sababu naijua, kwa sababu mimi pia ni Mpare. Sisi na shule. Tutauza shamba, tutakula makande bila mafuta, mtoto asome. Shule yetu inaongoza kata kwa matokeo na Mwalimu Nathanaeli ndiye aliyeifikisha hapo, kwa kengele yake na fimbo yake. Nani atamgusa? Mwalimu akisema mvua inanyesha, tunafungua miavuli. Niliwaambia hayo yote, pale pale, wala sikuchagua maneno. Niliwaambia hamkumbeba Jesca, mlikuwa mnambeba Mwalimu.

Sifael alisema sasa tufanye nini, tuharibu shule kwa ajili ya mtoto mmoja? Ilibidi nishikwe. Mzee Melkizedeki alisubiri nipoe, akauliza ninachotaka. Nikasema kama hamwezi kuishi bila zamu, basi wekeni zamu ya kutembea. Mtu wa zamu atembee nyuma yake, asimguse. Na asubuhi asiwepo atakayempita.

Wakalipigia kelele: watoto wote watachelewa. Nikasema ndiyo, watachelewa, wakaone bendera ilivyo. Walibishana mpaka tope likawakaukia miguuni. Wengine walikubali, wengine walisema hawawezi kumchezea Mwalimu, na Mzee Melkizedeki akafunga kikao bila kusema uamuzi wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hata suala la beberu liliachwa hapo hapo.

Jumatatu nilimwandaa Jesca nikijua tutakuwa wawili. Tulikuwa tumeshaimba beti zetu na paja lilikuwa limeshuka kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona. Nilipofungua mlango Mzee Melkizedeki alikuwa amesimama uani, koti la kanisani, buti za shambani. Nyuma yake alikuwa Agatha na wanawe, na nyuma ya Agatha watu wengine, macho yamevimba usingizi. Jesca akatangulia. Tulipoingia njia ya mfereji, waliokuwa wamekataa walitukuta wakija kasi na watoto wao, wakaikuta njia imejaa migongo. Sifael alitaka kupitia ndani ya mfereji. Mzee Melkizedeki alimtazama tu. Kwetu hapa mtu hakanyagi maji ya watu kwa viatu, hata nyumba ikiwa inaungua. Sifael akarudi kwenye mstari.

Gongo, kiatu, gongo, kiatu. Akisimama kupumua, wote tunasimama. Kengele ya shule ililia ng'ambo ya bonde, na mtoto mmoja ambaye hajachelewa maishani akaanza kulia kwa hofu, mama yake akamwambia anyamaze atembee. Jesca hakuongeza mwendo, na hakuna aliyemwambia aongeze.

Tulifika uwanjani paredi imekwisha. Mwalimu Nathanaeli alitoka ofisini na fimbo yake chini ya kwapa, akawatazama watoto kana kwamba sisi wakubwa hatupo, akauliza nani amewachelewesha.

"Ni mimi, Mwalimu," Jesca alisema. "Shikamoo."

Marahaba ilimtoka kwa mazoea. Jesca hakungoja aambiwe. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlingoti akasimama, na watoto wakamfuata. Kisha akaenda Mzee Melkizedeki. Akaenda Agatha. Akaenda Sifael, akiwa amekasirika, sijui kwa ajili ya nani, lakini akaenda. Nafasi ile ilitengenezwa kwa mtoto mmoja au wawili, basi tulibanana mpaka kwenye maua ya shule. Madarasani watoto wa upande wa pili wa bonde walijaa madirishani.

Mwalimu aliniita kando. Aliongea kwa sauti ya chini na, nitasema kweli, bila ubaya.

"Mama, ungeniambia tu. Mimi si mtu mbaya. Ningemruhusu."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniunguza. Angemruhusu, neno moja tu, na mguu wa mtoto usingerudi Moshi. Kwa kitambo kidogo nilikaribia hata kumwomba radhi, mimi, kwa kumsumbua asubuhi. Halafu nikatazama nyuma yake. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, ndani naona meza yake, kikombe cha chai bado kinafuka, na kiti kimeelekezwa nje. Kati ya kiti kile na mlingoti wa bendera hapana kitu, hata kichaka.

"Nikuambie nini, Mwalimu?" nilimwambia. "Ulikuwa unamwona."

Alikwenda akasimama mbele ya wale watu, akageuza fimbo mkononi mara kadhaa, akasema watoto waingie darasani. Hakuna aliyetoka mahali pake, kwa kuwa Jesca alikuwa hajatoka. Alikuwa ameshika mlingoti kwa mkono uliojua pa kushika, gongo limelazwa chini, amesimama kwa mguu mmoja kama aliyefundishwa.

"Na kesho, Mwalimu?" aliuliza.

Tukamgeukia Mwalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Akasema kesho kengele itamngoja Jesca afike, ndipo ilie. Ndipo mtoto alipoachia mlingoti, akainama akaokota gongo lake na kwenda darasani, na sisi tukabaki tumesimama pale mpaka alipofika mlangoni.